Maswali ya Wasomaji: Leseni ya Lori, Mteremko wa Salgaa na Kazi ya Basi

Katika toleo lililopita tuliwaalika wasomaji watuandikie kuhusu mafunzo ya udereva wa magari makubwa. Barua zimetufikia kutoka Nakuru, Kisumu na hata mpakani Busia, na tumezifupisha kwa sababu ya nafasi. Anayejibu ni mkufunzi wa madereva wa malori na mabasi mjini Nakuru.

SWALI: Mwalimu, hujambo? Mimi ni kijana wa Njoro mwenye umri wa miaka 23, na nimekuwa na leseni ya gari dogo kwa miaka miwili. Ninatamani sana kuendesha trela la kwenda Malaba. Kuna bwana mmoja hapa mjini anayesema kwamba nikimlipa, leseni yangu itaongezewa daraja la trela ndani ya wiki moja bila mtihani wowote. Je, nimkubalie?

JIBU: Sijambo, kijana wangu. Usimkubalie, na kama umekwisha kumpa arubuni, afadhali uipoteze hiyo arubuni kuliko kuongeza shilingi nyingine juu yake. Huduma za leseni zinatolewa na Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama Barabarani, NTSA, na malipo yake hupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwa jina lako mwenyewe. Mtu anayekuomba pesa taslimu mkononi ili ukwepe mtihani anakuuzia kitu ambacho afisa wa polisi au mwajiri ataweza kukikagua kwa simu na kugundua kwamba hakimo kwenye kumbukumbu. Zaidi ya hayo, bima ya gari la biashara huwa na sharti kwamba dereva awe na leseni halali ya gari analoliendesha, kwa hiyo siku ya ajali utajikuta umesimama peke yako mbele ya hakimu na mbele ya familia za walioumia.

Utaratibu wenyewe hauna fumbo. Daraja B ni la gari dogo, C1 ni la lori dogo, C ni la lori la wastani, na CE ni la lori zito lenye trela. Upande wa abiria, D1 ni gari dogo la abiria, D2 ni basi dogo, na D3 ni basi kubwa la abiria 33 au zaidi. Kadiri unavyopanda ndivyo umri wa chini unaohitajika unavyoongezeka, na kila daraja la juu linakutaka uwe umelitumikia lile la chini yake kwa muda. Kwa miaka 23 na uzoefu wa gari dogo pekee, daraja la trela bado halijakufikia. Hatua yako sasa ni lori dogo. Jiandikishe katika shule ya udereva iliyosajiliwa, chukua leseni ya muda ya mwanafunzi, jifunze, kisha ukae mtihani mbele ya watahini wa NTSA, ambao watakuuliza alama za barabarani, watakupitisha kwenye ubao wa mji wa mfano, yaani ubao wenye barabara ndogo za kuigiza, halafu watakuingiza barabarani.

Nataka nikueleze jambo moja ambalo ndilo sababu hasa ya mimi kukubali kujibu barua hizi. Mara nyingi lori la shule huwa tupu, na barabara za kujifunzia huwa za tambarare, kama zile za kuzunguka viwanja vya mji. Mwanafunzi hufaulu akiwa hajawahi kuhisi tani 20 zikimsukuma kutoka nyuma. Halafu leseni inatoka, anapata kazi, na mara ya kwanza kubeba mzigo mzito inakuwa peke yake, usiku, kwenye mlima. Kwa hiyo ukishapata daraja lako, usikimbilie gari kubwa kuliko yote. Tafuta kazi ya lori dogo la kubeba viazi kutoka Mau Narok au Molo kuja sokoni Nakuru. Barabara hizo zina kupanda, kushuka, matope na ukungu, na zitakufundisha mambo ambayo hakuna ubao wa mji unaoweza kukuonyesha. Mwombe tajiri akuruhusu safari za mwanzo uziendeshe dereva mzoefu akiwa ameketi kando yako. Wapo matajiri watakaokataa kwa kuwa hawataki kulipa watu wawili. Tajiri wa namna hiyo mwache aende zake, kwa maana ndiye atakayekutaka pia uendeshe bila kulala.

Utakapofika kwenye trela miaka ijayo, utakuta kwamba kona ndiyo somo la kwanza. Magurudumu ya nyuma ya trela hayafuati njia ya magurudumu ya mbele, hukata ndani ya kona, na ndani ya kona ndipo anapokuwa mwendesha bodaboda au mtoto wa shule. Anza sasa kuvizoea vioo vya pembeni, ingawa gari unaloendesha ni dogo.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni utingo wa lori la mahindi kutoka Eldoret, na ninajiandaa kufanya mtihani wa lori la wastani. Dereva wangu ni mtu mzima ninayemheshimu, lakini tukianza kushuka kutoka Mau Summit kwenda Salgaa huweka gia frii, yaani gari halimo kwenye gia yoyote, akisema kwamba anaokoa dizeli na kwamba breki za upepo haziwezi kushindwa. Je, anayosema ni kweli?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hayo anayosema yameua watu wengi katika mteremko huo huo, na nitakujibu kwa kirefu kwa sababu barua yako ndiyo nzito kuliko zote zilizoletwa.

Tuanze na dizeli. Gari likiwa kwenye gia na dereva ameondoa mguu kwenye kiongeza mwendo, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, na pampu au kompyuta ya injini hukata mafuta. Ukiweka frii, injini inalazimika kunywa dizeli ili isizimike. Hakuna kinachookolewa. Kuna madereva wanaojua hivyo na bado wanaweka frii ili gari likimbie na wafike mapema, na wengine kwa sababu tu waliowafundisha walifanya hivyo.

Sasa tuje kwenye breki. Timboroa, mnakopita mkitoka Eldoret, iko kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, na mji wa Nakuru uko karibu mita 1,850. Lori lenye uzito wa tani 50 likiteremka mita 800 tu za kwenda chini, nguvu ya uzito huo ni lazima iishie mahali fulani, na kama injini haisaidii, sehemu kubwa inaishia kwenye ngoma na vitambaa vya breki ikiwa joto. Nimepiga hesabu yake: joto hilo linatosha kuchemsha zaidi ya lita 1,000 za maji. Ngoma ya chuma ikipata moto hutanuka na kwenda mbali na kitambaa, na kitambaa chenyewe kikipita kiwango chake cha joto hupoteza mshiko. Unakanyaga, pedali inaitika chini ya mguu kama kawaida, upepo unatoka kama kawaida, lakini gari halipungui mwendo. Hapo dereva huanza kukanyaga tena na tena, na kila mkanyago unapunguza upepo kwenye mitungi, ilhali kompresa inayojaza mitungi inategemea mzunguko wa injini ambayo kwenye frii inazunguka polepole.

Huenda dereva wako amesikia kwamba upepo ukiisha, breki za springi hujifunga zenyewe. Hilo ni kweli. Kwa kawaida mitungi hufanya kazi kwenye shinikizo la psi 100 hadi 120, kengele ya onyo hulia shinikizo likishuka karibu na psi 60, na likiendelea kushuka springi huachiliwa na kubana. Lakini springi hizo zinabana ngoma zile zile ambazo zimekwisha kuchomeka. Kinga hiyo iliwekwa kwa ajili ya upepo unaovuja, na haimsaidii mtu aliyezipika breki zake kuanzia kileleni.

Jambo la mwisho kuhusu frii ni kwamba hakuna kurudi. Lori likifika kilomita 90 au 100 kwa saa bila gia, huwezi tena kuingiza gia ya chini, kwa sababu mzunguko wa injini na ule wa gurudumu haukutani. Gia itakwaruza na kukataa, na utakuwa umebaki na usukani na honi. Usisahau pia kwamba mwendo ukizidishwa mara mbili, nguvu ya kuuzuia huzidi mara nne.

Mteremko unashukwa hivi. Chagua gia kabla hujaanza kushuka, ungali juu. Wazee wa kazi husema gia utakayoipandia mlima ndiyo ya kuushukia, na kwa malori ya kisasa yenye injini zenye nguvu nyingi ningekushauri uende gia moja chini zaidi. Washa breki ya egzosti, ile inayoifanya injini ipunguze mwendo, ikiwa gari linayo. Tuseme umeamua kwamba mwendo salama wa mteremko ni kilomita 40. Gari likifika 40, kanyaga breki kwa uthabiti mpaka mwendo ushuke karibu na 32, kisha achilia kabisa ngoma zipate kupumua, usubiri mpaka 40 tena. Usiushikilie mguu juu ya breki kilomita nzima. Ukiona moshi au kunusa kitambaa kinachoungua, ondoka barabarani mahali pa kwanza palipo salama, weka kigingi kwenye gurudumu na usimwagie ngoma maji, maana chuma cha moto hupasuka.

Kabla ya safari, na tena kileleni, wewe kama utingo unaweza kufanya kazi ambayo itaokoa maisha ya wote walio garini. Jaza upepo mpaka upite psi 100, zima injini, dereva akanyage breki na kuishikilia kwa dakika moja. Kipimo ambacho wakufunzi wengi hukitumia ni kwamba sindano isishuke zaidi ya psi 3 kwa lori la peke yake, au psi 4 likiwa na trela. Ikishuka zaidi, kuna mahali panapovuja. Zunguka gari ukisikiliza.

Kuhusu kumwambia mzee wako, usimkabili garini wakati mnashuka. Mngojee mkiwa mmeketi mnakula, mwambie unataka kufaulu mtihani wako na umwombe akufundishe kushuka kwa gia kuanzia safari ijayo. Mtu mzima hukubali zaidi anapoombwa kufundisha kuliko anapokosolewa na kijana. Akikataa, badilisha gari. Pale makutano ya Londiani mnamo Juni 2023 trela moja liliacha barabara na kuwaua zaidi ya watu 50, wengi wao wakiwa wachuuzi na wasafiri waliokuwa wamesimama tu kando ya barabara. Kazi nyingine ya utingo utaipata.

SWALI: Mwalimu, salamu kutoka Kondele, Kisumu. Mimi ni mama wa watoto wawili na nimekuwa kondakta wa matatu ya Kisumu na Kakamega. Ninataka kuwa dereva, na lengo langu ni basi kubwa la usiku la Nairobi. Shemeji zangu wanasema basi linataka nguvu za mwanamume. Nianzie wapi?

JIBU: Dada yangu, usukani wa basi la siku hizi unasaidiwa na pampu, na breki ni za upepo. Kinachochosha mwili ni saa nyingi za kuketi na macho kukaza gizani, na hayo humchosha mwanamume vile vile. Shemeji zako waambie hivyo kwa upole.

Njia yako ni B, kisha D1 ambayo ni ya matatu ndogo, halafu D2, na mwisho D3. Mbali na leseni, dereva wa gari la abiria anahitaji beji ya PSV, na ili uipate utatakiwa uwe na cheti cha tabia njema kutoka Idara ya Upelelezi wa Jinai, DCI, ambacho hutolewa baada ya alama za vidole kuchukuliwa. Kishughulikie mapema, kwa maana wengi hukikumbuka siku wanayoitwa kazini. Wewe tayari una kitu ambacho wengi wanaoanza hawana, yaani unazijua stendi, unawajua abiria, na bila shaka unajulikana katika chama chenu. Kanuni za mwaka 2014 ziliwataka wenye magari ya abiria wawe ndani ya chama au kampuni yenye angalau magari 30, kwa hiyo ajira yako itapitia kwa watu ambao wamekuona ukifanya kazi. Kanuni hizo hizo zinasema dereva wa abiria asiendeshe zaidi ya saa 8 katika kila saa 24. Lijue hilo kwa moyo, na uwe tayari kulitamka mbele ya meneja.

Abiria ni mzigo ulio hai. Gunia la mahindi ukilipanga linatulia. Abiria huinuka, huhamia upande mmoja kutazama kitu, na mzigo wao kwenye keria huinua uzito juu ya basi mpaka kona uliyoweza kuipita kwa mwendo wa kilomita 60 inakuwa ya mwendo wa 40. Oktoba 2018 basi lililokuwa likitoka Nairobi kwenda Kakamega lilianguka karibu na Fort Ternan, na watu zaidi ya 50 wakafa kabla ya mapambazuko. Wewe unayeitumia barabara ya Kakamega unalielewa hilo kuliko mimi, kwa sababu baadhi ya waliokufa walikuwa watu wa nyumbani kwenu huko magharibi.

Usiende moja kwa moja kwenye basi la usiku. Anza na matatu ya mchana kwenye njia uliyoizoea, na ukishapata D2 uombe njia ya Kisumu na Kericho, ambayo inapanda kutoka tambarare za Ahero na Awasi mpaka kwenye chai. Huko utajifunza mvua ya alasiri, ambayo Kericho haikosi. Basi la usiku litakungoja. Na utakapokaa kwenye kiti hicho, kumbuka kwamba spidi gavana ya kilomita 80, ambayo imekuwa sharti tangu kanuni za aliyekuwa waziri wa uchukuzi, John Michuki, zianze kutekelezwa mwaka 2004, inaweka kikomo cha barabara nzuri na kavu. Kwenye ukungu wa Mau, 80 ni mwendo wa hatari.

SWALI: Je, anayevaa miwani anaweza kupewa leseni ya lori? Msomaji wa Kakamega.

JIBU: Ndiyo, mradi akiivaa anaona vizuri. Ivae siku ya mtihani na kila siku ya kazi, na uweke ya akiba garini.

SWALI: Mwalimu, tajiri wangu anapakia sukari bila kupima, kisha tukifika mizani ya Webuye ninazuiliwa mimi. Uzito unaoruhusiwa ni upi? Dereva wa Bungoma.

JIBU: Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaruhusu tani 8 kwenye ekseli ya usukani, tani 10 kwenye ekseli moja yenye magurudumu pacha, tani 18 kwenye ekseli mbili zilizo pamoja, na tani 24 kwenye tatu, na gari zima lisizidi tani 56 hata likiwa na ekseli saba. Unaweza kuwa ndani ya uzito wa jumla na bado ukakamatwa, kwa sababu mzigo umerundikwa mbele na ekseli moja imezidiwa. Kwa hiyo simama wewe mwenyewe wakati wa kupakia, uelekeze magunia yaanzie wapi, na uweke nakala ya karatasi ya uzito kutoka kiwandani. Gari likizuiliwa, wewe ndiye utakayelala nalo hapo mizani. Kama tajiri hataki kupima, mwambie kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu, ili siku ya kuulizwa iwepo kumbukumbu.

SWALI: Nimeendesha lori la kawaida kwa miaka kadhaa, na sasa nataka kuhamia tanki la mafuta linalopakia bohari ya Kisumu. Wenzangu wanasema ni kazi nyepesi yenye malipo mazuri. Ni kweli?

JIBU: Malipo mara nyingi ni bora, lakini wepesi haupo. Mbali na leseni ya NTSA utahitaji idhini ya dereva wa mafuta inayotolewa na Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA, pamoja na mafunzo ya bidhaa hatari. Mafuta hayatulii. Tanki lililojaa nusu ukilikatia kona ghafla, mafuta yote hukimbilia upande mmoja na kuliinamisha gari wakati wewe umekwisha kuurudisha usukani, na ukifunga breki kwa nguvu hurudi mbele kwa wimbi na kulisukuma lori. Kuta za ndani ya tanki hupunguza wimbi hilo bila kulimaliza. Yote unayofanya kwenye lori la kawaida yafanye mapema zaidi na polepole zaidi.

Halafu kuna wajibu ambao usipouweza usiichukue kazi hiyo. Januari 31, 2009, tanki la petroli lilianguka Sachangwan, watu wakakusanyika kuchota mafuta, moto ukawaka na kuua zaidi ya watu 100. Tanki lako likianguka na wewe ungali na uwezo wa kusimama, kazi yako ya kwanza ni kuzima injini na umeme, kusimamisha magari ya pande zote mbili na kuwazuia watu wasikaribie, hata wakikutukana, hata wakikuambia mafuta si ya baba yako. Piga simu kwa polisi na kwa kampuni yako ukiwa mbali na harufu.

SWALI: Kampuni yetu ya Kisumu inataka kunituma Kigali kwa mara ya kwanza. Nijiandae vipi? Msomaji wa Nyamasaria.

JIBU: Hakikisha una pasipoti au hati ya kusafiria inayokubalika, cheti cha chanjo ya homa ya manjano, leseni ambayo haijakaribia kuisha muda, na kadi ya manjano ya COMESA ambayo ndiyo bima ya gari nje ya nchi. Karatasi za forodha zisomwe kabla ya kuondoka, kwa sababu kosa dogo la namba ya kontena linaweza kukukalisha Busia siku mbili. Uganda utaendesha upande wa kushoto kama nyumbani. Ukishavuka mpaka wa Katuna na kuingia Rwanda, magari huenda upande wa kulia, na milima ya kuanzia hapo hadi Kigali ni mirefu na ina kona nyingi. Hatari kubwa iko kwenye mizunguko, na asubuhi unapotoka mahali ulipolala ukiwa hujaamka vizuri na barabara haina gari jingine la kukukumbusha upande wako. Bandika karatasi yenye mshale kwenye dashibodi. Na iombe kampuni ikuruhusu safari hii ya kwanza uende na dereva aliyekwisha kuizoea njia hiyo, yeye aendeshe kwenda mkiwa na mzigo huku wewe ukitazama gia anazochagua kwenye kila mteremko, kisha wewe uendeshe mkirudi gari likiwa tupu.